Draiva Kumi na Saba

Sostenes alikuwa tabibu pekee katika kituo kidogo cha afya kilicho kando ya barabara, kati ya Misigiri na Shelui, na ni yeye tu aliyejua kutumia altrasaundi. Haikuwa mashine kubwa: kifaa cha kupitisha tumboni, waya, na kompyuta mpakato. Kwa miaka miwili haikuwahi kumsumbua.

Jumatatu asubuhi, wajawazito wakiwa wameanza kujipanga kwenye benchi, kompyuta ilimletea tangazo jekundu: draiva kumi na saba zimepitwa na wakati, bonyeza hapa uzisasishe zote bure. Sostenes alijua draiva ni zile programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuelewana na vifaa vilivyochomekwa. Akabonyeza. Kompyuta ikazimika, ikawaka, na ilipowaka haikukitambua tena kile kifaa. Akachomoa, akachomeka kwenye tundu jingine. Wapi.

Nesi Severina, mkunga wa siku nyingi, alimkuta anatokwa jasho.

"Vipi tena, daktari?"

"Umeme wa jana umeiharibu."

Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria. Hata alipompigia simu Manase, fundi wa Singida mjini, hakumwambia alichobonyeza. Manase akaahidi kuja Alhamisi.

Saa nne akaingia Pendo, mimba yake ya kwanza, tumbo kubwa kupita miezi yake. Severina akalipapasa, akalipima kwa futi, akamvuta Sostenes pembeni.

"Mimi nahisi mapacha. Tumwandikie rufaa aende hospitali ya wilaya, Kiomboi, leo hii."

Sostenes aliiona fomu ya rufaa mezani, na mahali pa kujaza kwa nini kipimo hakikufanyika hapa. Hakuigusa. Akamgeukia Pendo.

"Alhamisi mashine itakuwa tayari. Uje siku hiyo."

"Sawa, daktari. Asante."

Uchungu haukungoja Alhamisi. Jumatano mchana Pendo aliletwa kwa bodaboda, mtoto yu karibu kutoka. Alizaliwa msichana, akalia vizuri. Severina akaweka mkono juu ya tumbo, akalipapasa.

"Yuko mwingine. Amekaa kwa kukingama."

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda Singida. Sostenes akakimbilia barabarani, akasimamisha lori, na dereva akakubali kukata kuelekea Kiomboi. Njia nzima Severina alimshikilia Pendo, naye Sostenes alimbeba mtoto akimwangalia mama asizimie. Pendo alifanyiwa upasuaji, akapona. Wa pili, mvulana, alitolewa amekwisha kufa.

Alhamisi Manase akaja. Akafungua orodha ya vifaa kwenye kompyuta, akasoma, akauliza bila kuinua macho:

"Nani kasasisha hizi draiva?"

"Mimi," alisema Sostenes.

Manase hakugomba. Akatafuta palipoandikwa kurudisha draiva ya awali, akabonyeza, akangoja, akachomeka kifaa. Picha ikaja.

"Hizi programu za kusasisha kila kitu kwa mpigo usiziguse. Draiva unaichukua kwa aliyetengeneza mashine yenyewe, moja moja, na kabla ya kuanza unahifadhi hali ya sasa ili mambo yakiharibika urudi nyuma. Na kama mashine inafanya kazi na wagonjwa wanangoja, iache. Ungeniambia ukweli Jumatatu ningekuelekeza kwa simu. Dakika kumi tu."

Severina alikuwa amesimama mlangoni.

"Kumbe si umeme," alisema, akaondoka.

Sostenes aliandika yote kwenye barua kwa wakubwa wake wilayani. Wiki iliyofuata akapanda pikipiki hadi kwa kina Pendo. Mama yake Pendo, Anastasia, alikuwa anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Akakaribishwa ndani, akapewa kigoda. Akaeleza kila kitu, pamoja na uongo. Pendo alimsikiliza huku akinyonyesha.

"Kwa hiyo nesi alijua?"

"Alihisi. Alitaka uende Kiomboi siku ileile."

"Na wewe ukaniambia nije Alhamisi."

"Ndiyo."

Sostenes alitaka kuomba msamaha, lakini maneno aliyokuja nayo yalionekana madogo mno. Akayasema hivyohivyo. Pendo alimfunika mtoto vizuri kwa khanga.

"Mama, msindikize mgeni."

Anastasia akatoka naye hadi kwenye pikipiki, akageuka na kurudi ndani hata kabla Sostenes hajaiwasha.