Meza Isiyo na Mikunga

Jikoni kwa Ngahuia mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, hawakufanyiwa mzaha. Kwa miaka thelathini na moja, kila mgeni aliyepokewa kwenye marae, uwanja wa mikutano wa ukoo wao, aliondoka na harufu ya mkunga wa moshi vidoleni, na akifika kwao alisimulia. Koo nyingine zilisifiwa kwa nakshi za nyumba zao, nyingine kwa waimbaji. Wao walisifiwa kwa mikunga wa ziwa lao, na mkaushaji alikuwa yeye. Alijivuna, wala hakuficha.

Leo walikuwa wanafungua ukumbi mpya wa kulia. Wageni mia na ishirini wa ukoo wa mtoni walikuwa uwanjani wakisikiliza hotuba, na ziwa lilikuwa kijani kama rangi ya geti iliyomwagika. Mvua kubwa ilisomba mbolea na samadi kutoka mlimani, zikafuata wiki tatu za jua bila upepo, basi mwani ukapata kila ulichotaka. Ukatanda, ukaoza, ukanuka. Samaki walipanda juu alfajiri wakitafuta hewa. Mbwa wa jirani alikunywa pale ufukweni na hakufika saa sita akiwa hai. Wazee wakaweka mwiko: hakuna kuvua, hakuna kuoga.

Ndipo Hohepa, mdogo wake na msimamizi wa ng'ombe wa ukoo, akaingia kwa mlango wa nyuma na gunia lililolowa. Akalitua sakafuni, likajinyonganyonga.

"Hohepa, niambie hivyo ni viazi."

"Dada, usinianze. Ishirini na wawili, wanene wote. Nimewatoa kwenye kina, maji safi kabisa."

"Kina cha ziwa lipi? Hili lililoua mbwa?"

"Moshi wako unaua kila kitu. Hata shemeji aliukimbia."

Wanawake waliokuwa wakimenya viazi wakacheka. Ngahuia hakucheka.

"Sumu ya mwani haijui moshi wala maji ya moto. Na mwiko ni mwiko."

"Haya, na Erana je? Mdomo wake unaujua. Mwaka jana kwao mtoni walitulisha mikunga mpaka tukalegeza mikanda. Sisi leo tuwape kuku? Utatuaibisha, dada."

Hapo alimgusa penye kidonda. Erana alikuwa mkuu wa jiko la ukoo wa mtoni, na wawili hao walishindana tangu wakiwa wasichana. Ngahuia aliiona ile tabasamu yake kabla haijatokea, na moyo ukamuuma kwelikweli. Akashika kisu. Aliwaza kutoa matumbo, kuwasha moshi na kunyamaza. Kisha akakitupa kisu kwenye sinki.

"Warudishe majini, wangali hai."

Hohepa akalibeba gunia. "Basi wakiuliza ziwa lina nini, waambie ni joto tu. Joto halina mwenyewe wa kulaumiwa."

Chakula kikatoka: nguruwe na viazi vitamu vya kwenye shimo la mawe ya moto, mkate wa kukaanga, na kuku. Watu walipokwisha kula, wapishi wakaitwa ukumbini kushukuriwa, kama desturi. Erana akasimama, mrefu, sauti yake ikifika mpaka barabarani.

"Tumeshiba, asanteni. Ila tumesafiri mwendo wa saa nne, na pua yangu bado inatafuta kitu. Ngahuia, mikunga wameenda likizo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ngahuia akafuta mikono kwenye aproni. Lile neno joto lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Mikunga wapo ziwani, na ziwa linaumwa," akasema. "Tumeliumiza sisi. Paa hili mnaloliona limejengwa kwa fedha za kuuza maziwa. Tuliongeza ng'ombe, tukamwaga mbolea mlimani, vijito hatukuvizungushia uzio. Kikaoni walipouliza nani anaafiki hayo, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa huu." Akauinua. "Kwa hiyo leo mmekula kuku, na mtakula kuku mpaka maji yapone. Kwangu mgeni halishwi sumu."

Hakuna aliyepiga makofi. Hohepa alikuwa akitazama viatu vyake. Ngahuia akarudi jikoni mgongo umenyooka.

Alikuwa kwenye sinki Erana alipoingia na kuchukua kitambaa.

"Toka, wewe mgeni bado."

Erana akakausha sahani ya kwanza, akakausha ya pili.

"Wale mikunga wa mwaka jana," akasema bila kuinua macho. "Mto wetu ulikuwa kijani."

Ngahuia aliwakumbuka watu wake sitini mezani kule, watoto wakigombea vipande vyenye mafuta.

"Ulijua?"

"Nilijua. Niliogopa mdomo wako."

Tusi lilikuwa tayari, zito, la kumtosha. Ngahuia akalimeza.

"Rudi ukumbini ukawaambie watu wangu."

Erana akakiweka kitambaa polepole. "Utasimama nami?"

"Nitasimama."

Akafunga bomba, wakatoka pamoja. Katika miaka yote ya kusifiwa, Ngahuia hakuwahi kulionea fahari jiko lake kama siku ile ya kuku.