Mwambie Nilimeza

Kidonge kilikuwa kizima. Kilikuwa kimetulia ndani ya ndoo ya choo ya kitanda namba sita, cha buluu, na ule mstari wa katikati ungali unaonekana kama siku kilipotoka kwenye kopo. Mmwaga ndoo wa wodi ya kifua alikitazama kwa heshima. Kwa miaka kumi na moja aliyoshika wadhifa huo alikuwa ameona mambo ambayo madaktari huyasoma tu vitabuni, lakini hili lilimshinda. Kitu kisafiri njia yote ile, kutoka mdomoni mpaka mwisho wa reli, kifike bila hata kuchubuka?

Wagonjwa walimwita Mheshimiwa kwa kuwa, walisema, hakuna kiongozi mwingine aliyewahi kuwabebea mzigo wao. Jina hilo alilitunga Fundi Cherehani, mama wa kitanda namba sita.

"Shangazi," alimwuliza kwa sauti ya chini, "dawa unameza au unatema?"

"Nitemee wapi, mwanangu? Matroni akinipa ananichungulia mpaka kooni, utadhani aliangusha pete yake humo." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuwa na haraka. Mkono aliotumia kushika ukingo wa kitanda ulikuwa umekonda hadi bangili ikamwishia kiwikoni. "Nameza. Mwezi wa tatu huu. Ila naona dawa ndiyo inanenepa."

Siku tatu, vidonge vitatu. Mmwaga ndoo aliviosha, akavifunga kwenye karatasi, akaenda navyo ofisini kwa Matroni. Alijiona mtu mwema. Njiani alifanya hata mazoezi ya jinsi atakavyokataa kusifiwa.

Matroni hakuigusa karatasi. "Vimetoka kitanda gani?"

"Mimi nilikuwa nasema, Matroni, labda dawa yenyewe..."

"Nimekuuliza kitanda. Maoni sijakuomba."

"Sita."

Kabla ya saa sita mchana faili la Fundi Cherehani lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu: MKAIDI, ANATUPA DAWA. Sheria ya wodi ilijulikana. Anayetupa dawa humpisha mwenye nia ya kupona. Vitanda vilikuwa ishirini, na waliolala barazani wakivingoja walikuwa wengi zaidi.

Mmwaga ndoo alimbebea furushi mpaka getini. Walipumzika mara nne.

"Kuna mtu kanisemea," Fundi Cherehani alisema, ameegemea ukuta. "Sitaki kumjua, nisije nikafa na kinyongo. Lakini wewe unazunguka kote, mwanangu. Ukimjua, mwambie nilimeza."

"Nitamwambia, shangazi."

"Mungu akubariki."

Baraka ile aliipokea kama mtu aliyewekewa kaa la moto kiganjani mbele za watu, asiweze kulitupa.

Kutoka getini alikwenda moja kwa moja kwa mfamasia. Mfamasia alimsikiliza, akafunga mlango, akatoa kidonge kipya koponi na kukitumbukiza kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Wakangoja. Baada ya nusu saa kidonge kilikuwa bado kimetulia pale chini, kama mgeni aliyekuja kushinda.

"Dawa hii kwa asili yake haipatani na maji," mfamasia alisema. "Lazima isagwe laini kuliko poda ya mtoto, ichanganywe na kitu cha kuisaidia kuyeyuka, ndipo utumbo uinyonye, iingie kwenye damu. Hawa walioitengeneza wameisaga kama mchanga, wakaigandamiza kama tofali. Mtu anameza, inapita."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kopo la kwanza."

"Basi si useme, kaka!"

"Aliyetia saini kwamba ni nzuri ni mimi. Wewe umesema neno moja, ametoka mgonjwa. Nikisema mimi, nitatoka mimi." Alimwaga maji, akakifuta kidonge kwa leso, akakirudisha koponi.

Kesho yake Matroni alimkabidhi mmwaga ndoo chujio na daftari. Kila ndoo ichujwe, kila kitanda kiandikwe. "Wewe sasa ndiwe jicho langu," alimwambia.

Asubuhi hiyo jicho la Matroni liliona vidonge kumi na saba, vya vitanda kumi na saba. Akiviandika, wodi nzima itapangwa foleni getini na mafurushi yake. Alichimba shimo nyuma ya tanuri la taka, akavifukia, akaandika: Hakuna. Alifanya hivyo kila siku kwa miezi miwili, kwa uaminifu ambao hakuwahi kuwa nao katika kazi yoyote. Hakuna aliyefukuzwa. Vitanda vinne viliachwa wazi bila mtu kufukuzwa.

Ndipo wakaja wageni kutoka wizarani. Matroni alisimama katikati ya wodi, daftari mkononi. "Tangu tuanze ukaguzi," alisoma, "hakijaokotwa hata kidonge kimoja." Wageni wakapiga makofi. Kwa ushahidi wa daftari lile dawa ileile iliagizwa ya mwaka mzima, kwa hospitali zote zilizokuwa zikisitasita. Wiki iliyofuata lori lilifika, na mmwaga ndoo akaitwa kushusha maboksi.

Alipopita wodini na boksi la mwisho begani, msichana aliyelazwa namba sita alimwita. Alikuwa anasomea ualimu. Madaftari yake yalikuwa chini ya mto.

"Mheshimiwa, wewe ndiye unayechuja. Ni kweli dawa haionekani tena kwenye ndoo? Maana mwili wangu wenyewe hauniambii kitu."

Matroni alikuwa hatua tatu nyuma yake, ameshika kopo.

"Ni kweli, mdogo wangu."

"Kwa hiyo inafanya kazi?"

"Inafanya."

Msichana alipokea kidonge, akakimeza, akapanua mdomo na kuinua ulimi kabla hajaambiwa. Kisha akaomba maji zaidi, ili kishuke vizuri, na mmwaga ndoo akatua boksi, akammiminia.