Inchi Mbili za Pindo

Kiti cha nne kilipoingia dukani, Mwanamkuu hakukichangamkia. Aliendelea kukanyaga cherehani yake, akamwachia mumewe, Bakili, akipokee mwenyewe. Vile vitatu vya mwanzo alivichangamkia yeye kwa bashasha, na vyote vilikuwa vimemwaibisha.

Cha kwanza kilikuwa cha plastiki, kilekile ambacho Bakili alikikalia miaka yote akinywa kahawa barazani. Cha pili kilikuwa cha sofa. Kilimmeza mpaka kidevu kikawa sawasawa na meza. Cha tatu kilikuwa cha ofisini, chenye magurudumu, na hicho ndicho kilichokuwa na vituko. Sakafu ya duka lao pale Mtaa wa Sikukuu ina mteremko kidogo. Basi kila Bakili alipokazana kuchora, kiti kilikuwa kinarudi nyuma taratibu kuelekea mlangoni. Juzi kilimfikisha kizingitini, kalamu ingali mkononi, akabaki anachora hewa, na wapita njia wakisimama kumtazama.

"Hiki kinapanda na kushuka," alisema Evarista, jirani mwenye saluni ya mlango wa pili, akikisukuma kiti chake cha kusukia. "Ukikanyaga hapa kinapanda, ukikanyaga tena kinashuka. Nimekuazima mpaka kesho tu, Baba Azza. Nina bibi harusi."

Bakili alikaa. Akapandishwa, akashushwa. Akaupeleka mkono kwenye kioo cha kuchorea, kile kilichounganishwa na kompyuta, akavuta mstari mmoja wa mgongo wa jogoo. Mstari ukatetemeka kama uzi uliokatika kwenye sindano.

Aliiweka kalamu chini, akaanza kukanda bega lake la kulia.

"Kitendawili!" Mwanamkuu aliita kutoka kwenye cherehani, maana ukimya wa mumewe ulikuwa unamtisha kuliko kelele zake.

"Tega," Bakili akajibu kwa uchovu.

"Nina mgongo lakini siumwi, nina miguu lakini siendi."

"Kiti. Na huyo asiyeumwa ndiye anayeniua mimi." Akainuka, akamsukumia Evarista kiti chake. "Chukua, jirani. Kamsuke bibi harusi wako. Hapa hakuna ugonjwa wa kiti. Mkono umezeeka."

Hebu nieleze walifikaje hapo. Bakili alikuwa mchora mabango. Ukitembea Kariakoo miaka ile, kuanzia Gerezani mpaka karibu na Jangwani, ulikuwa unasoma mkono wake bila kumjua: vinyozi, wauza nguo, mafundi saa, kila mlango herufi zake, na pembeni mwa herufi kichwa cha mtu aliyenyolewa vizuri au viatu vinavyong'aa. Halafu yakaja mabango ya kuchapishwa kwa mashine. Leo mtu anaagiza asubuhi, mchana limeshaning'inizwa. Brashi za Bakili zikakauka koponi. Akawa mlinzi wa duka la mkewe, kazi yake kuwaambia wateja "karibu, fundi yupo ndani."

Kisha, mwezi uliopita, akatokea binti mmoja anayeitwa Moza, mhariri wa vitabu vya watoto. Alikuwa ameuona ukuta wa shule ya chekechea kule Ilala ambao Bakili aliuchora zamani: mama anapima dagaa, mbuzi amepanda juu ya mkokoteni. Akamtafuta mpaka akampata. Alitaka michoro ya kitabu cha darasa la kwanza, kurasa thelathini na mbili, ila ichorwe kwenye kompyuta, ili ukurasa ukihitaji kurekebishwa usichorwe upya wote. Azza, binti yao anayefanya kazi Dodoma, akamtumia baba yake kioo chake cha kuchorea na ile kalamu isiyo na wino. Akamfundisha kwa simu wiki nzima. Kujifunza hakukumshinda. Rangi alizipata, vifungo alivijua. Kilichomshinda ni mstari.

Alhamisi iliyopita Moza alikuja kuona kurasa tatu za mfano. Alizitazama kwa heshima, lakini hakuficha.

"Mzee wangu, pale ukutani mistari yako imenyooka kama imekatwa kwa wembe. Hapa inatetemeka. Mtoto ataliona hilo. Nakupa mpaka Alhamisi ijayo. Ikiwa hivi hivi, itabidi nimpe mwingine."

Na sasa ilikuwa Jumapili. Bakili alianza kuviringisha waya za kile kioo.

"Unafanya nini?" Mwanamkuu aliuliza.

"Narudisha vitu vya mwanao."

"Acha hapo."

"Mama Azza, mtu anaujua mkono wake mwenyewe."

"Na mimi naujua. Nimeolewa nao." Akakata uzi kwa meno. "Alhamisi haijafika. Hizo waya ukizigusa tena, leo unakula kwa Evarista."

Evarista, aliyekuwa ameshafika mlangoni na kiti chake, akacheka. "Kwangu hakupikwi Jumapili! Lakini Baba Azza, kama utakuwa huna kazi, kesho nisaidie. Herufi za mlango wangu zimechujuka, yule bibi harusi atapiga picha pale."

Jumatatu asubuhi Bakili alitoka na kopo lake la rangi, shingo upande, kama mtu anayepelekwa kulipa faini. Mwanamkuu alikuwa ametoa cherehani barazani kupata hewa, anashona suruali za shule. Alimwona mumewe akisimama mbele ya mlango wa saluni. Alimwona akichukua ile fimbo yake ya zamani, yenye kitambaa kilichofungwa donge mwishoni, akaiegemeza mlangoni kwa mkono wa kushoto, kisha akaulaza juu yake mkono wa kulia wenye brashi. Guu moja mbele, moja nyuma. Mgongo ukanyooka.

Brashi ikashuka. Mstari wa herufi ya kwanza, mrefu kama mkono wa mtu, ukatoka juu mpaka chini bila kutikisika hata kidogo.

Mwanamkuu aliacha kukanyaga. Akatazama herufi ya pili. Akatazama ya tatu. Akagundua kwamba hakuwa anatazama mkono kabisa, alikuwa anatazama bega. Mstari ulikuwa unatokea begani, unapita kwenye kiwiko, na vidole vilikuwa vimeshika tu. Mle ndani kwenye viti, Bakili alikuwa anachora kwa vidole, amejikunja kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

"Kitendawili!" akaita kwa sauti ya kuvuka barabara.

"Mama Azza, nina kazi."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Akisimama kijana, akikaa mzee."

Bakili akafikiri, brashi hewani. "Mwezi?"

"Mwezi unakaa wapi? Si huo."

"Mwamvuli."

"Nipe mji."

"Nakupa Lindi, kwenu."

"Nimeenda Lindi, nimekula samaki wa nazi, nimesalimia shangazi zangu wote, nimerudi. Jibu ni wewe!" Alikuwa ameshainuka, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, anavuka mitaro ya maji kama msichana. "Usisogee. Usishushe mkono!"

"Wewe mwanamke, rangi itadondoka!"

"Idondoke." Akapiga goti pale kwenye lami, akavuta futi kutoka ardhini mpaka kwenye kiwiko cha mumewe. Akapima kutoka kiwiko mpaka kwenye jicho. Akapima umbali wa uso na mlango. Evarista na wateja wake wakatoka wakiwa na rola vichwani.

"Jamani, anashonewa nini?" mmoja akauliza.

"Meza," Mwanamkuu akajibu, na kuandika namba kwa chaki kwenye kipande cha suruali ya mtoto wa watu.

Mchana huohuo alikwenda Ilala kwa Samson, seremala aliyewahi kumtengenezea kabati la vitambaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Samson. Nataka meza ya mtu aliyesimama. Juu iwe na ubao ulioinama mbele yake, kama vile ukuta umeegemea nyuma. Chini pawe na ubao wa kuwekea mguu mmoja, wakati mwingine abadilishe."

"Ya mhubiri?"

"Ya mchoraji. Naitaka kesho jioni."

"Kesho! Mama, nina vitanda viwili vinanisubiri."

"Vitanda vina watu wanaolala hata leo usiku, mahali pengine. Huyu wangu ana Alhamisi." Akavuta stuli, akakaa katikati ya randa na vipande vya mbao. "Namba ninazo hapa, nitakusomea. Siondoki mpaka nikuone umekata mguu wa kwanza."

Akazisoma namba moja moja, Samson akaziandika ukutani kwa penseli. Na mguu wa kwanza ulikatwa mbele ya macho yake.

Meza ilifika Jumanne magharibi juu ya mkokoteni. Jumatano alfajiri, kabla duka halijafunguliwa, walikifunga kioo kwenye ule ubao, Bakili akasimama mbele yake, akashika kalamu. Mwanamkuu akakaa nyuma ya cherehani bila kuigusa.

Mstari wa kwanza ulikuwa bora kuliko yote ya kwenye viti. Wa pili pia. Walipofika wa kumi, mabega ya Bakili yalikuwa yamepanda yakakaribia masikio, na mstari ukaanza tena kutetemeka.

"Umeona?" Bakili akasema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Umejitahidi, mke wangu. Umejitahidi sana. Ni mkono."

Mwanamkuu akainuka. Akachukua futi, akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko cha mumewe: inchi arobaini na moja. Akapima meza. Arobaini na tatu.

Akapima tena. Arobaini na tatu.

Akatafuta ile suruali yenye chaki. Pale ilikuwa imeandikwa arobaini na moja, kwa mkono wake mwenyewe. Samson hakukosea, Samson aliandika alichosomewa. Ni yeye, Mwanamkuu, aliyekuwa anasoma na kuongeza moyoni bila hata kujijua, kama anavyoongeza kwenye kila suruali ya shule kwa miaka thelathini: inchi mbili za pindo, maana mtoto anakua.

"Nimekuwekea pindo," akasema.

"Nini?"

"Pindo! Nimekuwekea pindo kwenye meza!" Akaketi kwenye lundo la vitambaa, akashika kichwa. Alijiona mjinga mbele ya mumewe, na zaidi aliona siku imebaki moja. Aibu ilimkaa kifuani kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, lakini chai yenyewe hakuinywa. Akainuka, akapiga simu.

"Samson, chukua msumeno, njoo."

"Mama, ndiyo kwanza naamka..."

"Njoo na macho yako nusu. Mikono ndiyo ninayoitaka."

Samson alikuja, akasikiliza kisa chote, akajaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea nguzo. "Kwa hiyo mama ulitegemea mzee aendelee kurefuka?"

"Cheka huku unakata."

"Bahati yako uliongeza. Ungepunguza, ningekuunganishia nini?"

Akakata miguu yote minne, inchi mbili kila mmoja. Meza ikasimama. Bakili akaisogelea, na mabega yake yakashuka yenyewe kabla hajagusa kalamu. Mwanamkuu aliyaona yakishuka.

Yaliyobaki walishughulika nayo moja moja, hawakuruka hata moja. Jua la mlangoni lilikuwa linang'aa kwenye kioo, wakaigeuza meza ipate mwanga ubavuni. Kalamu nyembamba ilikuwa inamkaza vidole, Mwanamkuu akaizungushia kitambaa cha kanga mpaka ikawa nene kama mpini wa brashi. Ile fimbo ya zamani wakaiegemeza kwenye fremu ya ubao. Kila uzi wa bobini ulipoisha kwenye cherehani, aliita "pumzika!", na Bakili alitakiwa aache hata kama jicho la mbuzi limebaki nusu, akae kwenye stuli, azungushe mabega, atazame mbali mpaka mwisho wa mtaa.

"Jicho lake linanisubiri!" alilalamika.

"Mbuzi ana subira kukuzidi. Kaa."

Alhamisi saa tisa Moza aliingia. Alikuta kurasa tatu ziko tayari, lakini hakuzitazama haraka. Alizikuza kwenye kompyuta, akakuza tena, mpaka mstari mmoja wa mgongo wa jogoo ukajaa kioo kizima kutoka pembe hadi pembe. Akaufuata kwa kidole toka mwanzo wake mpaka mwisho. Mwanamkuu alikuwa amesimamisha cherehani, sindano ingali kwenye kitambaa.

"Mzee," Moza akasema, "mkono wa huyu mama anayepima dagaa nataka uwe juu zaidi. Unaweza kuubadilisha hapa hapa, nikiona?"

Bakili akamtazama mkewe. Mwanamkuu hakutikisa kichwa wala hakutabasamu. Basi Bakili akasogea kwenye meza, akaweka mguu mmoja kwenye ubao wa chini, akaulaza mkono juu ya fimbo. Akafuta mkono wa zamani. Akavuta mpya kutoka bega la mama yule mpaka kwenye ncha ya kidole, safari moja, na kalamu ikanyanyuka.

Moza akatoa kwenye mkoba wake karatasi zenye hadithi nzima, zimebanwa kwa pini, akaziweka juu ya rundo la suruali za shule.

"Zimebaki kurasa ishirini na tisa," akasema. "Ukurasa wa nne una mvua. Watoto wote wana miamvuli."

"Miamvuli mingapi?" Bakili akauliza, na tayari alikuwa amefungua ukurasa mpya.

"Kumi na moja."

Mwanamkuu akainuka, akaenda kushusha pazia la mlangoni, maana jua la alasiri lilikuwa limeanza kukikaribia kioo.