Kocha Kopecky Alipomchagua Bettina

Theluji ilikuwa haijayeyuka uwanjani pale mkurugenzi wa michezo alipomwita kocha wetu, Darlene Kopecky, akamwambia fedha za chuo zimepungua: kati ya wasaidizi wake wawili, mmoja aondoke. Lorna aliwafundisha warushaji wa mpira. Bettina alikaa nasi maktabani kila jioni, akihakikisha hakuna anayefeli.

Timu nzima ya wanawake ya softiboli, mchezo wa mpira unaorushwa na kupigwa kwa gongo, ilijua atabaki Lorna. Akabaki Bettina.

Tansy Ruzicka, mrushaji wetu bora, alivamia ofisi ya kocha. Nilimfuata, maana mipira yake nilikuwa nikiidaka mimi.

"Kocha, huu ni mwaka wangu wa mwisho! Unamfukuzaje Lorna?"

"Nimelazimika kuchagua."

"Basi Bettina akasimame uwanjani, awasomee wapinzani kemia mpaka wasinzie!"

Nilibana kicheko. Kocha hakucheka.

"Wasichana walionishindia kombe, wengine waliondoka hapa bila shahada," alisema. "Juzi nimemkuta mmoja dukani akipanga mikebe. Alinikumbatia, Tansy. Afadhali angenitukana."

"Mimi sitafeli."

"Kemia una alama gani?"

Tansy akatoka, akaubamiza mlango.

Msimu ulikuwa mchungu. Mtindo wa Tansy wa kurusha uliharibika na hapakuwa na wa kuurekebisha. Tulifungwa nyumbani, tukafungwa ugenini, hata wazazi wakawa wanatutazama wakiwa ndani ya magari yao. Tansy aliacha kumsalimia kocha. Lakini jioni alikuja maktabani, amenuna, akavuta kiti karibu na Bettina.

"Rudia hapa, mwanangu," Bettina alikuwa akimwambia, naye alirudia huku akisonya.

Baada ya mechi ya mwisho, Kopecky aliachishwa kazi. Mkurugenzi alizungumzia vipigo tu. Alama zetu za darasani, zilizokuwa zimepanda kuliko za timu yoyote chuoni, hakuzigusa.

Wote tuliokuwa mwaka wa mwisho tulihitimu. Kocha hakuja kwenye mahafali. Tansy, akiwa bado amevaa joho, aliniburuta hadi nyumbani kwa kocha. Tulimkuta amepiga magoti bustanini, anapanda nyanya.

"Bado nina hasira na wewe," Tansy alimwambia.

"Una haki. Nilikunyang'anya kitu ulichokipenda."

"Ila ningefeli, kocha. Ningefeli vibaya."

Kocha alijaribu kuinuka, magoti yakamgomea. Tansy akamshika mkono, akamwinua, na hakuuachia. Aliyelia ni kocha. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ile alipoachishwa kazi.

"Kazi umepata?" aliuliza hatimaye, akijifuta kwa kiganja chenye udongo.

"Bado."

"Basi tuko wawili."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Kisha kocha akatuambia tuvue viatu mlangoni, tuingie tule.