Njia ya Porini Kuelekea Ihumwa

Swedi alijigamba msimu mzima kwamba baiskeli yake ingefika Dodoma kabla ya mguu wa Mgogo yeyote. Aliipata kwa msimamizi mmoja wa reli, Mdachi aliyekuwa akirudi kwao Ujerumani, na tangu hapo Mpwapwa nzima iliisikia kengele yake. Methusela, Mgogo mkulima wa misheni aliyezoea kukimbiza ng'ombe milimani, alichoka kusikia.

"Twende basi tushindane," alimwambia mbele ya watu. "Tulale Dodoma."

Dada mdogo wa Methusela, Hana, akasema naye anakwenda. Wanaume wakacheka. Lakini tangu utotoni Hana ndiye aliyekuwa akimshinda kaka yake mbio.

Walitoka alfajiri, mvua zikiwa bado hazijaanza na nchi imekauka. Mpaka jua lilipopanda walikwenda pamoja, Swedi akitangulia kwenye tambarare, ndugu wawili wakimpita kwenye mchanga. Walitaniana. Kwenye kila kisima cha barabarani walikunywa, wakajaza kibuyu.

Kisha, juu ya kilima, Hana akasimama ghafla.

"Askari!"

Chini yao, askari wa boma la Wadachi walikuwa wakiwakusanya wapita njia kwa kazi ya barabara. Vijana walikuwa wamekwisha kufungwa kamba viunoni.

"Tukikatiza porini tutatokea Ihumwa, karibu na Dodoma," Methusela alisema.

"Huko hakuna kisima," Hana alisema.

"Mimi nakwenda. Anayetaka kubeba mawe ya Mdachi abaki."

Wakaingia porini. Haukupita muda, miiba ya migunga ikatoboa magurudumu yote mawili. Swedi alijaza nyasi ndani ya mipira, lakini baiskeli ikawa inaruka kama punda mkorofi, akaishia kuisukuma. Kibuyu kikakauka. Methusela akaona nafasi yake. Akakimbia.

"Kaka, punguza mwendo!"

Hakupunguza. Walimwona akienda mbele, kisha akiyumba, kisha akienda upande kama mlevi. Walipomfikia alikuwa amelala kifudifudi. Ngozi yake ilikuwa ya moto, kavu, bila tone la jasho, na alimwita Hana kwa jina la mama yao, aliyekwisha kufariki.

Swedi alisimama akimtazama. Kisha akavua kilemba, wakamfunga nacho Methusela juu ya baiskeli, kifua kikiwa juu ya usukani.

"Nitamsukuma," Swedi alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Wewe una miguu, dada. Kimbia."

Hana akakimbia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikimbia bila mtu wa kumshinda. Kisigino kilichomwa na mwiba, akaung'oa, akaendelea. Kila kichaka kilifanana na kile alichokwisha kukipita, na mara mbili alihofu kwamba amepotea. Alitaka kukaa kidogo tu. Alijua akikaa hatainuka.

Alitambua Ihumwa kwa harufu ya mavi ya ng'ombe kabla ya kuona nyumba. Mama mmoja mtu mzima, jina lake Anyesi, alikuwa akianika mtama juu ya paa bapa la tembe yake.

"Shikamoo, mama. Maji. Kaka yangu anakufa."

Anyesi alishuka na kumpa kata moja ya maji. "Kunywa taratibu. Pumzika, wanangu wataenda."

"Hawajui alipo."

"Basi waoneshe njia. Lakini hutakwenda mbele yao, utakwenda katikati yao."

Wakaenda mbio, vijana wawili na vibuyu, Hana kati yao, wakimshika viwiko kila alipojikwaa. Wakamkuta Swedi amepiga magoti, baiskeli imeanguka, yeye amemkinga Methusela jua kwa mwili wake. Hakuwa na sauti. Alikionesha kifua cha mwenzake kwa kidole: kilikuwa bado kinapanda na kushuka.

Wakamlowesha kichwa, wakampa maji kwa matone. Jua lilipokuwa linateremka Methusela akafungua macho, akamwona Swedi.

"Umenipita?"

"Nyamaza unywe," Hana akamwambia, na hapo ndipo alipolia.

Walilala Ihumwa kwa Anyesi. Dodoma waliingia siku ya pili, kwa hatua za polepole, Methusela amemshika Swedi bega, Hana akichechemea huku akisukuma baiskeli. Watu sokoni waliuliza nani ameshinda. Swedi akawaambia wawapishe njia, wana kiu.