Kidole cha Jerusa

Kwa siku nne Calvince alikaa kwao Boito akinywa chai ya mama yake, na kila kikombe kilimpita kooni kama mwiba.

Kisa kilianzia kwenye kibao cha kielektroniki cha kusomea vitabu alichomnunulia baba yake, Joab, alipostaafu kiwandani. Mzee alilalamika kwamba vitabu alivyomaliza vinamjazia orodha. Calvince, fundi wa kompyuta asiyeambiwa kitu, akafungua hifadhidata ya kibao na kupachika triga, amri ya SQL inayokaa kimya ndani ikingoja tukio lake. Kitabu kikifika asilimia mia, kifutwe pamoja na kila kitu chake. Alijiona mjanja kweli. Kuweka nakala pembeni aliona uvivu.

Baba alifariki akiwa amebakiza kurasa tatu za kitabu kimoja. Humo alikuwa akimwandikia mkewe, Jerusa, vijineno: "Jeru, huyu ni dada yako kabisa." "Jeru, hapa nimecheka peke yangu." Mwaka mzima mama alivisoma, akaziacha zile kurasa tatu, maana kumaliza aliona ni kumzika mara ya pili. Jumamosi, Calvince akiwa amekuja kumtembelea, alijikaza, akamaliza. Kitabu kikatoweka, na vijineno vyote vya Joab.

"Ni hii kidole yangu," mama alilia. "Imekufa ganzi na kuchuna majani chai miaka thelathini. Nimefinya vibaya."

Calvince alijua papo hapo. Akasema, "Hutokea, mama." Mwoga mkubwa! Alijaribu kwa siri kuvirudisha, asipate hata herufi.

Kesho yake kanisani mama aliuficha mkono ndani ya leso. Jumatano, mkono ukiwa bado lesoni, akamsukumia kibao kwa ule mwingine. "Peleka kwako, nyathina, mtoto wangu. Mimi nitaharibu na ingine."

Hapo aibu ikamzidi, akasema yote: triga, nakala asiyoiweka, kunyamaza kwake.

Jerusa alisikiliza mpaka mwisho. Aliutoa mkono kwenye leso, akautazama.

"Hiyo ya kufuta ningekusamehea saa hii. Ulikuwa unasaidia baba yako," alisema. "Lakini siku nne, Calvince, umeniona nikichukia mkono yenye ilikulea, na ukanyamaza ukikunywa chai yangu."

Akachukua kikombe cha mwanawe mezani, kikiwa bado nusu, akaenda kukimwaga nje.