Upindo Mpana

Ndani ya gauni lile jipya, magoti ya mtoto yalikuwa yamekunjwa, na hakuna aliyejua isipokuwa yule aliyelishona gauni na mdogo wake. Sketi yake ilikuwa pana na ndefu, pindo zito, ikashuka mpaka karibu na vifundo vya miguu bila kutoa siri hata moja. Mbele yake, langoni mwa bustani ya michezo, alisimama twiga wa mbao aliyepakwa rangi ya chungwa, na kifuani pake kilichomoza kibao. Mtoto aliyepita chini ya kibao kile bila kukigusa aliingia bure. Aliyekigusa alilipiwa kama mtu mzima.

"Simama vizuri, mrembo," alisema binti wa langoni. "Kichwa juu."

Mtoto akamtazama mama yake. Mama akatazama pembeni, kwenye ukuta, kana kwamba ukuta ulikuwa umemwita.

"Ana miaka mingapi?"

"Mitano," mama akajibu upesi, na mtoto wa miaka saba akazidi kujikunja.

Nyuma yao mama mdogo alikohoa, kisha akajishika kilemba kwa mikono miwili. Chakula cha nyumbani kilikuwa marufuku kuingia mle, na mikoba yote ilipekuliwa langoni, lakini hakuna aliyefikiria kupekua kilemba cha msusi kama yeye. Mayai ya kuchemsha yalikuwa yamelala humo, yamefungwa vizuri kwa khanga kuukuu.

"Pita," alisema binti wa langoni. Akamfunga mtoto utepe wa njano mkononi. "Wa njano ni wa michezo ya chini, mama. Farasi wa kuzunguka, vigari, na kule kwenye mchanga."

Mama alimsikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani: sauti ilipita, maneno yakabaki ukutani. Akili yake yote ilikuwa kwenye pesa iliyookolewa. Ilikuwa imetosha. Aliushika mkono wa mwanawe akaingia naye ndani, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze, pumzi ilimshuka mpaka tumboni.

Alikuwa fundi cherehani, na ufundi wake mkubwa ulikuwa kuficha. Wateja walimjia na matumbo, na mabega yaliyopanda upande mmoja, na vifua vilivyokauka kwa ugonjwa, wakatoka wakijitazama kwenye vioo vya maduka. Gauni hili alilikata kwa akili hiyohiyo. Mabega aliyashusha. Kola aliikata ya duara, kubwa, ya kitoto. Mama mdogo alifumua nywele zilizosimama akazilaza kwa mafuta mpaka kichwa kikabaki kama yai. Viatu walichagua vile vilivyoisha soli.

"Dada, wewe ungekuwa mwizi, tungekuwa matajiri," mama mdogo alimnong'oneza. "Nisingekohoa pale, ningecheka, na mayai yangeteremka mbele ya yule binti."

"Nyamaza. Mtoto anasikia."

"Anasikia, lakini hasemi. Bora angesema."

Hapo ndipo palipouma. Mtoto waliyemwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa jinsi maneno yake yalivyojua kuchoma, hakuwa amemwambia mama yake neno tangu siku lilipoingia begi jipya ndani ya chumba chao na kusimama nyuma ya mlango. Begi lilikuwa la safari ya ng'ambo, kwenye kiwanda cha nguo, na safari ilikuwa keshokutwa. Mama alikuwa amesema, "Nitakaa miezi michache tu." Alisema hivyo akiwa ameinama juu ya cherehani, akizungusha gurudumu lake bila kitambaa chini ya sindano. Mtoto alisikiliza, akainuka, akatoka nje. Maneno hayohayo baba yake aliyasema mlangoni alipokwenda kutafuta maisha asirudi, enzi mtoto bado anatambaa. Sindano hakuwa na umri wa kuyaelewa, lakini katika nyumba ya chumba kimoja kila mtu hurithi kila neno.

Kisha juzi, akisukwa na mama mdogo, alisema jambo moja. Alitaka kupanda gurudumu kubwa la bustani lenye vitundu vya kukalia, lile ambalo kilele chake kilionekana kutoka mlangoni kwao juu ya mapaa, likizunguka polepole kama halina habari na mtu. Akae humo yeye na mama, wawili tu.

"Hakuniambia mimi," mama alilalamika.

"Umeambiwa," mama mdogo akajibu. "Mimi nilikuwa ukuta tu. Alijua utasikia."

Kwa hiyo wakaketi wakapanga. Tiketi za gurudumu zilikuwa ghali kuliko kiingilio, na hazikupunguzwa kwa mtoto. Ilibidi kubana kwingine kote: kwenye chakula, kwenye maji, kwenye nauli ya kwenda, na hasa langoni. Fundi alipima kila kitu kama anayepewa kitambaa kidogo kwa mwili mkubwa. Mwisho akaona kitatosha, iwapo tu mtoto atafupishwa.

Kibandani alinunua tiketi mbili akazikunja ndani ya kiganja. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, watoto wa watu wanapita na barafu za rangi rangi. Sindano hakuomba chochote. Alitembea mbele kidogo, na mama, ambaye macho yake hayakujua kupumzika kwenye nguo, akaliona pindo la gauni likigusa vumbi. Halikutakiwa kugusa. Alilipima mwenyewe mara mbili. Akatazama tena, akaelewa. Mtoto alikuwa bado amekunja magoti. Tangu langoni alikuwa akitembea hivyo, amejishusha ndani ya sketi, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba imetosha.

"Sindano, nyoosha miguu, mama. Tumeshapita."

Mtoto akainuka taratibu. Pindo likapanda. Akasimama kwa urefu wake wote, na ulikuwa urefu mkubwa.

Zamu yao ilipofika, mwendeshaji wa gurudumu, bwana wa makamo mwenye kofia iliyopauka, alipokea tiketi, akainua mlango wa kitundu, kisha akaushusha.

"Huyu ana utepe wa njano."

"Tiketi hizo hapo, kaka. Mbili."

"Tiketi nimeziona. Na utepe nimeuona. Wa njano hawapandi huku."

"Mpime basi! Si una huyo dubu wa mbao hapo wa kupimia? Mpime!"

"Hapimwi mara mbili, dada. Langoni wameshasema ni mfupi." Alimtazama mtoto kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha akamtazama mama bila ubaya. "Au walikosea?"

Nyuma mtu akasema wasogee. Mwingine akacheka. Mama alihisi uso ukimwaka. "Kaka yangu, nisikilize. Nasafiri keshokutwa. Nakwenda ng'ambo. Hiki ndicho kitu pekee alichoniomba."

"Kila anayesimama hapo ana lake," mwendeshaji alisema polepole. "Jana alikuja mzee na wajukuu, naye ana lake. Mtoto akiteleza kule juu, nitamwambia nani kwamba mama yake alikuwa na safari? Badilisha utepe, urudi. Sitakupangisha foleni tena."

Walisogea pembeni. Mama alijaribu kuufungua ule utepe kwa kucha, kisha kwa meno, kama anayekata ncha ya uzi, lakini haukuwa wa kufunguliwa. Mkono wa mtoto ukawa mwekundu. Sindano aliuacha tu mkono mle, wala hakuurudisha wala hakusaidia, na utulivu ule ulimvunja mama kuliko kilio. Alijiona jinsi alivyo: mwanamke mzima akitafuna mkono wa mwanawe mbele ya watu.

Akauachia.

"Twende langoni," alisema.

"Kufanya nini?" mama mdogo akauliza.

"Kusema."

Binti wa langoni alikuwa akipima pacha wawili. Mama hakungoja wamalize. Aliogopa akingoja, ulimi utapata uongo mwingine wa kushona juu ya ule wa kwanza.

"Huyu wangu ana miaka saba," alisema kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nilimkunjisha magoti. Gauni nililishona makusudi. Nataka kulipa."

Watu waligeuka. Baba wa pacha akajifanya anasoma bango. Lakini mama hakuwa akiwatazama hao. Alihisi ule mkono mdogo ndani ya wake ukishtuka, na alipotupa jicho chini akakuta Sindano amemtazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu begi liingie nyumbani.

"Ungenyamaza tu, ukampeleka kwenye farasi," alisema binti wa langoni, naye ameona aibu badala yao. "Haya. Lipa ya mtu mzima, nikate wa njano nimfunge wa bluu."

Haikutosha. Walimwaga kila kilichokuwepo mfukoni juu ya meza, na nauli ya kurudi ikiwemo. "Miguu tunayo," mama mdogo alisema akiisukuma nauli mbele, lakini bado haikutosha. Kibanda cha tiketi hakirudishi pesa, kilikuwa kimeandika hivyo kwa herufi nyekundu. Mama akasimama na tiketi mbili mkononi, na akili yake ya fundi, ile isiyojua kuacha, ikaona mahali pa kukata. Ilipaona, na ikatamani isingepaona.

"Chukua yangu," alimwambia mdogo wake. "Kaiuze kwenye foleni."

"Dada. Alisema wawili."

"Najua alivyosema."

Mama mdogo akaichukua tiketi. Alikwenda, kilemba kikiyumba, na muda si muda sauti yake ikasikika mpaka langoni. "Jamani, nani anataka kukwepa foleni ya kibandani? Tiketi moja, mbichi, haijapigwa jua! Wewe kijana, acha kumtazama huyo msichana, panda juu akutazame yeye!" Watu wakacheka, na katika kicheko hicho tiketi ikaenda kwa mtu.

Utepe wa njano ukakatwa kwa mkasi. Ukabaki chini, karibu na miguu ya twiga.

Mama alichuchumaa, macho yake yakalingana na ya mtoto. "Utapanda peke yako. Yangu nimeiuza ili wewe upande. Ukitaka, tusiende. Twende nyumbani."

Sindano alifikiri. Kisha akaanza kutembea kuelekea kwenye gurudumu, magoti yamenyooka.

Mwendeshaji alimsimamisha chini ya dubu wa mbao, na kichwa kikavuka mstari kwa upana wa vidole. "Peke yake?"

"Peke yake," mama alisema, na neno lile lilikuwa na ladha ya chuma.

Mlango wa kitundu ukafungwa kwa komeo. Gurudumu likaguna, likainua. Mama alinyanyua mkono kupunga, lakini mtoto hakutazama chini. Alikuwa amegeukia upande wa pili, ameshika chuma kwa mikono yote, anatazama mbali. Kola nyeupe ikapungua ikawa kama kitufe, kitufe kikawa nukta, na nukta ikapita juu ya mapaa mahali ambapo macho ya mama, yaliyozoea kutunga uzi kwenye tundu la sindano, yalishindwa kuifuata kwa sababu ya jua.

"Atashuka," mama mdogo alisema. "Si anazunguka tu? Atashuka." Yeye mwenyewe alikuwa amejishika kilemba kana kwamba ndiye aliyepandishwa.

 Mama alikuwa ameganda, mkono bado juu. Mambo yote aliyoyafikiria kuhusu safari aliyafikiria akiwa yule anayekwenda: hati, baridi, kitanda cha kigeni. Hakuwahi hata mara moja kusimama mahali pa anayebaki. Sasa alikuwa amesimama hapo, na hapakuwa na kitu cha kushika.

Gurudumu likamrudisha mtoto. Wakakaa kwenye benchi la saruji, mama mdogo akateremsha kilemba akatoa mayai. Moja lilikuwa limepasuka. "Hili la kwangu," alisema. "Limeumia kwa kazi." Hakuna aliyecheka, mama mdogo akaenda kutafuta bomba la maji, au akajifanya anakwenda.

Mtoto alilishika yai lake bila kulimenya.

"Nimetafuta," alisema.

Sauti yake ilikuwa na ukwaruzo kama bawaba isiyotumika. Mama alibana mikono kati ya magoti asije akaikimbiza sauti ile.

"Umetafuta nini, mwanangu?"

"Kule unakokwenda. Nilisema kutoka juu kutaonekana, unionyeshe. Nimetazama pande zote. Kuna mabati, kuna barabara, halafu kuna moshi. Hakuonekani."

"Ni mbali zaidi ya hapo."

Sindano aliweka yai chini. Akashika pindo la gauni, akaligeuza nje ndani. Alikulia chini ya meza ya cherehani, akichezea vipande. Hakuhitaji kufundishwa kusoma nguo. Upindo ulikunjwa ndani mara mbili, mpana kuliko kiganja chake, umeshikiliwa na mistari miwili ya uzi.

"Mbona mpana hivi?"

"Wa kufumua ukirefuka."

"Nikirefuka mpaka wapi?"

Miezi michache. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamepigwa pasi, yamekunjwa vizuri. Mama aliyahisi ulimini. Upepo ukaleta muziki wa farasi wa kuzunguka, ukauondoa.

Akakichukua kidole cha mtoto akakiweka kwenye mstari wa kwanza. "Hapa ni mwakani, likizo kama hii. Mama mdogo ataufumua huu." Akakisogeza, na safari ile ya kidole ilikuwa ndefu. "Na hapa ni mwaka mwingine."

"Hapa ndipo unarudi?"

"Hapa ndipo mkataba unaisha," mama alisema. 

Mtoto aliutazama mstari wa pili kwa muda mrefu. Mama mdogo akarudi, viganja vikidondosha maji, akawatazama wote wawili, akavaa kilemba chake kitupu bila kuuliza.

Walianza kurudi kwa miguu, jua likiwapiga mgongoni. Sindano alitembea wima, pindo limekunjwa ndani ya ngumi, kidole gumba kimebana palepale alipoonyeshwa, asije akapapoteza njiani. Mkono wake mwingine ulining'inia karibu na wa mama. Haukuushika. Haukwenda mbali.